Ndoa ya Kebo Mbili

Kazi yangu haisemeki kwa neno moja, ndiyo maana mtaani kwetu Temeke wengine wananiita fundi kompyuta, wengine fundi waya, na jirani yangu muuza mkaa ananiita bwana intaneti. Wote nawaitikia. Darasani niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu shule ilikuwa na uwanja mzuri wa mpira. Yaliyobaki nimejifunza juu ya mapaa ya watu. Nilianza kwa kuvuta waya za antena kwenye vibanda umiza, vile vya kulipia kuangalia mpira, nikapanda hadi kufunga mitandao ya maduka, na leo kuna maofisi Kinondoni hayafungui kompyuta zake vizuri mpaka mie niwe nimepita. Sisemi hivi kujisifu. Au basi, nasema kujisifu. Aliyekuwaga ananisifu ni mama yangu, naye ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kazi hiyo nimeirithi mwenyewe.

Katika wateja wangu wote, aliyenitoa jasho ni mwanamke mmoja wa Sinza, mtani wangu. Mie Mzaramo, yeye Msukuma, na anayejua mambo yetu ameshacheka. Mababu walikubaliana zamani kwamba sie wawili tutatupiana maneno bila kukasirikiana, tutavurugiana hata msiba, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Tangu siku tuliyofahamiana hakuwahi kuniita jina langu. Mie ni Mzaramo tu, mtu wa ngoma na usingizi. Na mie nikipanda ngazi zake nilikuwa nauliza kwa sauti kubwa kama ng'ombe wamefungwa, maana nimevaa viatu vipya.

Biashara yake ni kupiga video za harusi. Studio iko ghorofani, chini yake kuna baa, na mchana kutwa sakafu inatetemeka kwa singeli. Alikuwa na wahariri wanne, kila mmoja na kompyuta yake, lakini picha zote zilikaa sehemu moja: sanduku jeusi limejaa diski, limewekwa pembeni ya friji. Kompyuta zilichota picha kutoka kwenye sanduku hilo kupitia swichi. Siyo swichi ya taa, nasema kile kidubwasha chenye matundu mengi ambacho kebo zote zinakutania hapo. Ishu ilikuwa moja. Sanduku lilikuwa na kebo moja tu ya kwendea kwenye swichi, na watu wanne walikuwa wanachota kwa mpigo, kama mtaa mzima umepanga ndoo kwenye bomba moja. Bi harusi anafungua mdomo alishwe keki, picha inasimama. Anabaki hivyohivyo, mdomo wazi, kipande cha keki kinaning'inia hewani, mhariri anakwenda zake kunywa chai.

Nikamwonyesha kwamba lile sanduku lina matundu mawili ya mtandao, na moja linakaa bure. Nikamwambia nitavuta kebo ya pili, halafu kebo zote mbili nitaziozesha, kompyuta zikitazama zione njia moja pana. Neno hilo la kuozesha nililibuni mwenyewe papo hapo. Sijui mafundi wengine wanasemaje kwa Kiswahili, na sijawahi kuwauliza.

"Mzaramo," akasema, "ukiziozesha sawa. Zikioza, zikianza kunuka, mie nakuita uje ulale nazo."

Nikavuta kebo, nikaozesha, nikajipangusa mikono, nikatangaza mbele ya wahariri kwamba mwendo sasa ni mara mbili. Mmoja wao akachukua faili kubwa la harusi ya kule Wazo, akaanza kulinakili, sie wote tumesimama nyuma yake kama tunaangalia penalti. Mwendo ulikuwa uleule wa jana. Nikasema kompyuta haijachangamka. Tukarudia. Uleule. Nikasema labda umeme. Mtani wangu alikuwa amekaa juu ya meza anakula karanga, hana wasiwasi wowote.

"Nyie ndio mnaooa wawili wawili," akasema. "Hebu nieleze. Mume wa wake wawili, usiku mmoja analala nyumba ngapi?"

Walicheka mpaka wa baa chini wakasikia. Lakini kichwa changu kinafanya kazi hata kikiwa kinachekwa, na kabla hawajamaliza nilikuwa nimeshaelewa. Faili moja ni mume mmoja. Likishaingia kwenye kebo hii, linakwenda nayo mpaka mwisho wa safari, hata kebo ya pili ijipake hina. Faida ya kebo mbili inakuja pale waume wanapokuwa wengi, kila mmoja apate nyumba yake. Nikatazama taa za swichi: tundu moja linamweta kama disko, la pili limelala. Kwa jinsi swichi ilivyokuwa inagawa, wahariri wote wanne walikuwa wamerundikwa nyumba moja.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaibadilisha namna ya kugawa, ili swichi na sanduku visiangalie tu hii ni kompyuta ya nani, viangalie kila safari peke yake. Nikawaambia wahariri waache kunakili kadi za kamera moja baada ya nyingine, wazichomeke zote pamoja, safari ziwe nyingi. Halafu nikazigeukia kadi za mtandao zenyewe, zile zinazokaa ndani ya mashine na kupokea kebo. Nikazipanulia foleni, ili mzigo ukija kwa kishindo usimwagike mlangoni. Na nikazikataza kuisumbua kompyuta kwa kila kifurushi kinachoingia. Mama ntilie mwenye akili haendi karoni kwa kila sahani. Anasubiri zijae, anaosha kwa mkupuo. Nilipomaliza, taa mbili zilikuwa zinacheza pamoja, na bi harusi wa Wazo akala keki yake mpaka akafuta mdomo. Mtani akaniletea soda. Hakunisifu, lakini soda ilikuwa ya baridi kweli.

Kuna kitu kimoja hapo nilifupisha. Kuozesha kebo kuna namna mbili. Ya kwanza, swichi na sanduku vinaulizana vyenyewe: hiki kinasema, kile kinaitikia, na vinaendelea kuulizana siku zote kama bado viko pamoja. Ya pili, wewe fundi unaamuru tu: nyie ni mke na mume, basi. Ile ya kwanza niliijaribu, ikagoma, na mie nilikuwa nasubiriwa na kazi nyingine Kawe. Nikatumia ya pili. Inafanya kazi vizuri kabisa, ilimradi asiingie mtu kati.

Basi mwaka huohuo binti yangu akapata mchumba, na nyumba yetu ikageuka ofisi ya kamati ya harusi. Mke wangu alikuwa na jambo lake, akalisubiri mpaka wajumbe walipoondoka. Kwetu nikaha inafungwa msikitini, na wanaokaa pale mbele ni wanaume. Mama wa bi harusi anakuwa nyumbani na wanawake wenzake, anasikia vigelegele vinaanzia barabarani, ndipo anajua mwanawe ameshakuwa mke wa mtu.

"Nimembeba, nimemzaa, nimemsuka nywele kila Ijumaa," akasema. "Halafu saa anayoozwa, mie niko uani nageuza pilau. Nataka nione. Sitaki kuchungulia simu ya mtu, sitaki kuletewa baada ya mwezi. Siku hiyohiyo, nikiwa bado nimevaa."

Nikamwambia video atapiga mtani wangu wa Sinza, na yeye mama mtu ataiona jioni ileile ukumbini, kwenye kitambaa kikubwa kuliko ukuta wa jirani. Akanitazama. Mwanamke huyu ameishi na ahadi zangu tangu ujana, anazijua zinavyokwenda. Nyingine alizisamehe zamani.

"Hii moja," akasema, "nitakudai."

Mie nilivyo, sikuliacha jambo likae chumbani. Niliwaambia wakwe, watu wa kusini waliohamia Kawe miaka mingi, wapole, wakafurahi. Niliiambia kamati. Nilimwambia muuza mkaa. Mpaka wiki ya harusi inaingia, Temeke nzima ilikuwa inajua kwamba asubuhi nitaozesha msikitini na jioni watu watanitazama kwenye kitambaa nikiozesha, kwa sababu kule Sinza kuna kebo mbili nilizozioanisha kwa mkono wangu.

Siku ikafika. Shehe alitaka kunisaidia, akasema walii, yaani mie baba wa bi harusi, anaweza kumweka mtu mwingine atamke kwa niaba yake. Nikakataa. Nikamshika mkono kijana, nikatamka. Na nilipofika nyumbani niliwasimulia wote waliokuwepo kwamba niliyasema kwa pumzi moja, sauti ya chuma, hata shehe akashangaa.

Tulikuwa kwenye jamvi na wakwe, sinia la pilau katikati, simu ikalia. Mtani.

"Mzaramo, ndoa yako imevunjika."

Nikaweka sauti ya nje wakwe wasikie utani wenyewe. Nikamjibu kwamba Wasukuma wana wivu, wao wakitaka kuoa mpaka wahesabu mikia. Watu wakacheka. Akasema, "Nakwambia kuna talaka huku." Nikamwambia basi mke akae eda, nikakata, na baba wa bwana harusi akapaliwa na wali kwa kucheka. Ikalia tena. Akasema nusu ya watu hawaonani na nusu nyingine. Nikamwambia ndivyo mitala ilivyo. Nilikuwa nimenoga, jamani. Siku ya harusi ya mwanangu, wakwe wananitazama, na mtani ananipa mpira niupige.

Mara ya tatu nikaipokea tayari nikiwa natabasamu.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mkono wangu ukabaki siniani. Huyu mwanamke ni rika langu. Hajawahi kuniamkia, si kwa heri si kwa shari. Mtani akikuamkia kwa adabu, ujue utani umeisha na kilichobaki ni msiba.

"Marahaba," nikajibu, sauti imepungua.

"Baba, siongei mchezo. Nusu ya mafaili ya msikitini hayafunguki. Tunaona watu wanavua viatu, tunaona mnakula tende. Nikaha yenyewe hatuioni. Njoo."

Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na upawa mkononi. Nadhani aliisoma ile marahaba.

"Nenda," akasema. "Usibadili nguo, utachelewa."

Nikapanda bodaboda na kanzu yangu nimeikunja mpaka magotini, koti linapepea, kofia nimeitia mfukoni isipeperuke. Barabara ya Mandela saa zile ni malori matupu. Pale Buguruni jamaa mmoja akapaza sauti kwamba bwana harusi katoroka. Nikamjibu kwamba bwana harusi hana tumbo hili. Dereva akacheka, lakini mie moyoni nilikuwa naona upawa.

Mtani alikuwa ananisubiri juu ya ngazi. Sikuuliza ng'ombe, naye hakusema kitu kuhusu magoti yangu. Akanieleza kwamba kwa ajili ya harusi yangu, kwa heshima, aliongeza mhariri wa tano, mtaalamu, amekuja asubuhi na kompyuta yake mwenyewe. Tangu hapo mambo yakawa hivyo: faili hili linafunguka, la pembeni yake halifunguki. Ukijaribu tena linafunguka lile, hili linagoma. Wamezima na kuwasha kila kitu mpaka friji.

Nikaingia chini ya meza na kanzu yangu nyeupe, nikatambaa hadi kwenye swichi. Kebo ya kwanza ya sanduku, ipo. Tundu la pembeni yake lina kebo pia, lakini ya bluu, ngeni kwangu. Na kebo yangu ya pili, niliyoivuta mwenyewe, ilikuwa imelala sakafuni kichwa chini.

Nikauliza kutoka hukohuko chini nani kaichomoa. Yule mhariri mgeni akainama kunitazama, mtu mzima mwenye ndevu nzuri, adabu zake zote.

"Mie, braza. Matundu yalikuwa yamejaa. Nikaona sanduku moja lina kebo mbili, nikajua moja ni ya akiba."

Utamlaumu vipi? Mjini hapa mtu akiona kitu kiko viwili, anajua kimoja ni cha akiba. Hata mie ndoo yangu ya pili sijawahi kuitumia.

Nikatoa kichwa chini ya meza. "Msukuma," nikasema, "ndoa haijavunjika. Imeingiliwa na mgoni."

Akanitazama kidogo, halafu kile kicheko chake kikatoka, cha kutikisa karanga mezani, na mie nikajua tumerudi kwenye hali ya kawaida.

Ilikuwa hivi. Swichi niliiamuru, sikuiacha iulize. Kwa hiyo yenyewe iliendelea kuamini kwamba matundu yale mawili yanakwenda kwa sanduku. Safari za kwendea sanduku iliendelea kuzigawa kushoto na kulia, na za kulia zote zilikuwa zinaangukia kwenye kompyuta ya mgeni, ambayo haina habari na nikaha ya mtu. Nikachomoa kebo ya bluu, nikarudisha yangu, na mafaili yakaanza kufunguka. Mafundi wengi wangeishia hapo, wakavaa viatu.

Lakini mie nilikuwa nimetoka msikitini asubuhi ileile. Nilikuwa nimemwona shehe akigoma kuendelea mpaka bwana harusi aitikie kwa mdomo wake mwenyewe. Mmoja anatamka, ndiyo ijabu. Mwenzake anakubali, ndiyo kabuli. Ningetamka peke yangu mpaka jua lizame, mwanangu angebaki hajaolewa. Na hizi kebo zangu nilizitamkia peke yangu, hakuna aliyeitikia. Nikawaomba wahariri wanipishe kidogo. Mtani akasema muda hautoshi. Nikamwambia saa zilizobaki ni nyingi, na akitokea mtu mwingine wa kuona akiba, mke wangu atanihamishia uani.

Nikazivunja, nikaanza upya kwa ile namna ya kuulizana. Ikagoma, kama ilivyogoma mwanzo. Safari hii nikakaa sakafuni, nikaisoma mipangilio ya huku na ya huku taratibu, na nikacheka peke yangu. Swichi ilikuwa imewekwa isubiri kuulizwa. Sanduku nalo limewekwa lisubiri kuulizwa. Walii na bwana harusi wamekaa wanatazamana, kila mmoja anamngoja mwenziwe aanze. Nikaliambia sanduku lianze kusema. Likasema, swichi ikaitikia, na taa mbili zikawaka kwa pamoja. Nikamwambia yule mgeni achomoe tena kebo yangu ya pili, achomeke yake ya bluu kwenye tundu la ndoa kwa makusudi. Swichi ikaongea na kompyuta yake, isijibiwe yale maneno, ikamweka kando na kazi yote ikahamia kebo iliyobaki, hakuna faili hata moja lililogoma. Nikarudisha kebo yangu, na mgeni nikampa tundu jingine, lile la mashine ya kuchapisha makaratasi, ambayo siku hiyo haikuwa na kazi.

Wakafanya kazi watano kwa pamoja na sikusikia mtu akilalamika picha kusimama. Mie nikakaa kwenye kiti karibu na friji, napangusa vumbi la kanzu, nawasimulia nilivyoanza maisha. Nadhani walisikiliza. Sikutazama walichokuwa wanakata. Fundi wa bomba haonji maji ya kila mtu. Jua lilipoanza kulala, mtani mwenyewe akaitia diski ya video mkobani, tukaelekea ukumbini Kawe.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mke wangu alikaa meza ya mbele na gauni lake la zambarau, hajagusa chakula. Mshereheshaji akaomba utulivu, taa zikapunguzwa, na msikiti ukatokea kwenye kitambaa, safi, zulia unaliona mpaka nyuzi. Shehe akahutubia. Mkono wangu ukaonekana umeushika mkono wa kijana. Nikanyoosha mgongo kwenye kiti.

"Nimekuozesha binti yangu," ikasema sauti yangu, halafu ikakatika.

Shehe akanikumbusha maneno. Nikaanza tena, nikakwama palepale. Machozi yanashuka kwenye ndevu na hakuna anayeyafuta, maana mkono wa kulia umeshikwa. Kijana wa watu akaonekana ananiminya vidole, ananitia moyo mie, badala ya mie kumtia yeye. Ndipo maneno yakatoka, na yeye akajibu kwamba amekubali. Picha ilikwenda bila kukwama hata mahali pamoja. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtandao uwe mbovu.

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ninayoijua ikauliza, "Mzaramo, hapo nako kuna mtu alichomoa kebo?"

Ukumbi ukaangua kicheko, wakwe nao, muuza mkaa akiwa wa kwanza. Mke wangu hakucheka. Alikuwa bado anatazama mbele, mkono umeziba mdomo.

"Uliniambia pumzi moja," akasema polepole.

"Vumbi la msikitini lile."

"Msikiti una zulia."

Akaushusha mkono wake, akauweka juu ya wangu, na kwenye meza ya maharusi nikamwona binti yangu anapangusa macho kwa ncha ya mtandio, kwa sababu yeye naye ndiyo kwanza alikuwa anajiona akiozwa.

"Nenda kawaambie warudishe," mke wangu akasema. "Waanzie pale shehe anapokukumbusha."

Nikainuka, nikavaa kofia yangu vizuri, nikaenda kuwaambia warudishe.